Visima vimeingia baharini: kutatua matatizo ya QGIS kwa mwanafunzi wa ramani

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, nikiwa mwaka wa tatu, visima viwili kati ya kumi na vinne nilivyopima Kigamboni vilikuwa vinaelea baharini. Vyote nilivifikia kwa miguu. Kimoja mwenyewe alinichotea maji nikanywa, na hayakuwa na chumvi hata kidogo. Lakini QGIS, programu ya kuchorea ramani, ilisisitiza kwamba kile kisima kiko majini, mbali na ufukwe. Vile kumi na viwili vingine navyo vilikuwa vimehama, ila kwa kuwa vilibaki nchi kavu sikuwa nimeshtuka.

Nikafanya anachofanya kila mwanafunzi: nikafunga programu, nikaifungua tena. Halafu nikaifuta na kuisakinisha upya, bando likaishia hapo. Visima vikabaki baharini.

Baadaye nilikaa upande wa pili wa meza, nikisaidia wenzangu wa miaka ya nyuma kwenye maabara ya kompyuta, na nikagundua kwamba programu yenyewe huharibika mara chache mno. Kinachoharibika ni maelewano kati ya namba zilizomo kwenye faili na kile tulichoiambia programu kuhusu namba hizo. Kwa hiyo nimeyapanga matatizo haya kwa malalamiko, jinsi yanavyotoka midomoni mwa wanafunzi. Tafuta lako. Mifano ni ya QGIS kwa sababu ni ya bure na kila mtu anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake. Ukitumia ArcGIS vitufe vitabadilika majina, magonjwa ni yale yale.

Kabla ya dawa yoyote, soma namba

Bofya mara mbili jina la leya, au tabaka kama vitabu vinavyoliita, ufungue ukurasa wa "Information" na utafute mstari ulioandikwa "Extent". Hapo pana namba nne: mipaka ya data yako magharibi, kusini, mashariki na kaskazini. Wanafunzi wengi humaliza muhula mzima bila kuufungua ukurasa huu, na ndio unaojibu nusu ya maswali yao.

Chukua kampasi ya Mlimani, Dar es Salaam. Ukiona namba kama 39.20 na -6.78, data iko kwenye digrii, yaani longitudo na latitudo, na kwa kawaida ni mfumo wa koodineti wa WGS 84 wenye namba EPSG:4326 (EPSG ni orodha ya namba za utambulisho wa mifumo hiyo). Ukiona kitu kinachokaribia 522000 na 9250000, hizo ni mita za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda, na hapa ni kanda ya 37 Kusini, EPSG:32737. Ukiona 4363000 na -756000, ni mfumo wa ramani za mtandaoni, EPSG:3857, ule unaotumiwa na picha za chini za OpenStreetMap. Mahali ni pale pale, lugha tatu tofauti.

Sasa linganisha namba hizo na jina la mfumo lililoandikwa kwenye ukurasa huo huo. Namba zikiwa za mita na jina likisema EPSG:4326, umeshapata mgonjwa wako. Hakuna latitudo ya milioni tisa duniani.

"Leya imeingia lakini sioni kitu"

Bofya kulia juu ya jina la leya, chagua "Zoom to Layer". Usiishie hapo: angalia umepelekwa wapi, maana mahali data ilikopotelea panaeleza ilivyopotea. Weka ramani ya dunia chini yake uone.

Ukijikuta Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, umegeuza X na Y. Hili huwapata wanaoingiza jedwali la CSV (faili la maandishi ambalo safuwima zake hutenganishwa kwa mkato), kwa sababu shuleni tulizoea kutaja latitudo kwanza, ilhali kwenye programu X ni longitudo. Nukta ya Dar es Salaam iliyogeuzwa inaangukia longitudo ya -6.8 na latitudo ya 39.2, na huko ni Hispania magharibi. Ingiza upya, X iwe safuwima ya longitudo.

Ukijikuta kusini mwa Ethiopia, umesahau alama ya kutoa. Dar iko kusini mwa ikweta, 6.78 bila alama ni kaskazini. Ukiwa Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na longitudo sifuri, jedwali lako lina sifuri mahali pa koodineti, kwa kawaida kwa sababu simu ilihifadhi fomu kabla ya kupata satelaiti. Ukijikuta Bahari ya Aktiki, juu kabisa ya dunia, umechagua UTM 37 Kaskazini, EPSG:32637, badala ya 37 Kusini. Tarakimu moja tu imekurusha kutoka Dar hadi kwenye barafu. Wanafunzi wa Kenya na Uganda wawe macho zaidi hapa, kwa sababu ikweta inakata nchi zao: Nairobi ni 37 Kusini, Kampala ni 36 Kaskazini.

Kuna moja inayofanana na kosa dogo lakini ni kubwa. Umesoma kwenye simu nyuzi 6, dakika 46, sekunde 48 kusini, ukaandika -6.4648. Dakika si sehemu ya mia. Ni sehemu ya sitini. Jibu sahihi ni 6 + 46/60 + 48/3600, yaani 6.78. Ukiandika zile tarakimu kama zilivyo, latitudo peke yake inakusogeza kilomita 35 hivi kaskazini, na kampasi nzima inaangukia kwenye maji kati ya Bagamoyo na Unguja. Dirisha la kuingizia CSV lina kisanduku cha kutiki kwa koodineti za nyuzi, dakika na sekunde. Kitumie, au tengeneza safuwima mpya kwenye Excel kwanza.

Na kama leya haina mahali popote, Extent ni tupu, basi nukta hazikuumbwa kabisa. Fungua CSV kwa Notepad. Mara nyingi kitenganishi ni nukta-mkato badala ya mkato, au kuna mtu ameandika "6.78 S" ndani ya seli ya namba, S yake na yote.

"Vitu vimehama kidogo tu"

Hili ndilo lililonikuta mimi, na ndilo baya kuliko yote kwa sababu halipigi kelele. Data iliyokwenda Hispania utaiona. Iliyohama mita mia tatu unaweza kuikabidhi, ukapewa alama, na mtu akachimba mtaro kwa kuifuata.

Ramani za zamani za Tanzania na Kenya, zikiwemo zile za mizani ya 1:50,000 zinazopigwa skani na kuzungushwa kwenye flashi darasani, zimejengwa juu ya msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960, unaotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Mifumo yote miwili ina kanda za UTM, yote ina mita, na namba zake zinafanana kwa sura: milioni tisa na ushee, laki tano na ushee. Lakini kwa eneo la Dar es Salaam tofauti yake ni takriban mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 100 mashariki-magharibi. Arc 1960 kanda ya 37 Kusini ni EPSG:21037. Angalia vizuri: 21037 na 32737. Jicho lililochoka saa saba usiku halioni tofauti.

Mimi nilikuwa nimeazima kifaa cha GPS cha mkononi. Aliyekitumia kabla yangu alikiweka kwenye Arc 1960, pengine ili kilingane na ramani ya karatasi aliyokuwa nayo, na nami sikufungua mipangilio. Nikanakili namba kwenye daftari, nikaziingiza kama 32737, na kila kisima kikapanda mita 300 kaskazini na kusogea kidogo magharibi. Ufukwe wa Kigamboni pale unatazama kaskazini-mashariki. Viwili vilivyokuwa karibu na maji vikaingia majini. Tiba ilikuwa dakika moja: kuiambia programu kwamba namba zile ni za 21037, basi. Visima vikarudi nchi kavu, na nilipoweka picha ya satelaiti chini, kile nilichonywea maji kikakaa sawasawa pembeni ya mwembe wake.

Jinsi ya kuutambua ugonjwa huu: tumia chombo cha kupimia, pima umbali kati ya mahali kitu kilipo kwenye leya yako na mahali kilipo kwenye picha ya satelaiti. Fanya hivyo kwa vitu vitatu vilivyo mbalimbali. Kama vyote vimehama umbali ule ule na upande ule ule, karibu mita 300, ni Arc 1960. Kama kimoja kimehama mita 20 huku na kingine 45 kule, tatizo si mfumo. Ni ramani ya skani iliyofungwa vibaya kwenye koodineti, au ni mkono wako ulipokuwa unachora. Kwa ramani ya skani rudi kwenye zile nukta za kufungia, chagua makutano ya mistari ya gridi badala ya kona ya nyumba, na kumbuka kwamba gridi iliyochapwa kwenye karatasi ile inasema Arc 1960 hata kama wewe unataka WGS 84. Ifunge kwa 21037 kwanza, ubadilishe baadaye.

"Nimebadilisha CRS, sasa ndiyo imeharibika kabisa"

Hapa tusimame, maana hili nimelieleza mara nyingi kuliko jambo lolote na bado mtu anatoka nje ya mlango anarudi nalo.

CRS ni huo mfumo wa koodineti, na kuna vitendo vitatu vinavyofanana majina. Cha kwanza ni "Set Layer CRS". Hiki hakibadilishi namba hata moja. Ni kulipa faili jina tu. Ukimwita Juma kwa jina la Asha, ndevu zinabaki za Juma. Kinafaa wakati mmoja: faili halina jina la mfumo, au jina lililopo ni la uongo na wewe unajua la kweli. Kisa changu cha visima kilikuwa hicho.

Cha pili ni "Reproject Layer", kilichomo kwenye sanduku la zana za uchakataji. Hiki ndicho kinachokokotoa namba upya na kukupa leya mpya. Unakitumia data ikiwa sahihi lakini unaitaka kwa lugha nyingine, kwa mfano umepakua barabara za OpenStreetMap zikiwa kwenye digrii na unazitaka kwa mita. Kwa rasta, kama picha za satelaiti na miinuko, mwenzake anaitwa "Warp".

Cha tatu ni ile kona ya chini kulia ya dirisha, panapoandikwa EPSG na namba. Huo ni mfumo wa mradi, yaani miwani unayovaa kutazamia. Kuubadilisha hakugusi data kabisa. QGIS huvalisha leya zote miwani hiyo papo hapo, ndiyo maana leya za mifumo tofauti zinaweza kuonekana zimekaa pamoja vizuri huku ndani kila moja ina namba zake.

Kosa la kawaida: mwanafunzi ana data nzuri ya digrii, mwalimu amesema kazi ifanyike kwa UTM, anabofya kitendo cha kwanza anachagua 32737. Data inaruka. Anachagua 4326 kwenye kona, hairudi. Anajaribu kanda ya 36. Baada ya dakika kumi hajui tena jina la awali lilikuwa lipi. Ukishafika huko usiendelee kubahatisha: ondoa leya kwenye mradi, iingize upya kutoka kwenye faili, itarudi na jina lake la asili, kisha tumia kitendo cha pili.

"Eneo la kata yangu ni 0.00041"

Hujakosea hesabu. Umepata jibu kwa digrii za mraba, kipimo kisicho na maana kwa mtu yeyote. Kwa latitudo ya Dar, digrii moja ya mraba ni kama kilomita za mraba 12,200, kwa hiyo kata yako ina kilomita za mraba 5 hivi. Lakini usikabidhi kwa kuzidisha namna hiyo. Badilisha leya iende UTM kwanza ndipo upige hesabu.

Kuna fumbo kwenye kikokotoo cha safuwima. Ukiandika $area, programu inatumia umbo la dunia lililowekwa kwenye mradi, na jibu huja kwa vipimo vya mradi. Ukiandika area(@geometry), inapima kwa namba za leya kama zilivyo, kavu kavu. Wanafunzi wawili wanakaa meza moja, data moja, mmoja ana mita za mraba na mwingine ana 0.00041, na wote wanaapa wamefuata maelekezo. Wamefuata kweli.

Ndugu wa tatizo hili ni bafa, yaani ukanda wa umbali fulani kuzunguka kitu. Umeomba bafa ya 500 kuzunguka zahanati, skrini nzima ikageuka rangi moja. Umeomba digrii 500. Kwenye kisanduku cha umbali tazama kipimo kilichoandikwa pembeni: kama ni digrii, simama hapo hapo.

Na kanda za UTM: siyo kila mahali Tanzania ni 37. Kanda ya 37 inaanzia longitudo 36. Arusha, Morogoro, Tanga na Dar zimo. Dodoma, Iringa, Mbeya na Mwanza ziko 36. Kigoma mjini iko 35. Ukiitumia 37 kwa Dodoma hutaumia sana, uko jirani na mpaka wa kanda. Ukiitumia kwa Kigoma, maeneo yako yataongezeka kwa kama asilimia 2 na nusu, na hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini.

"Jedwali limekataa kuungana"

Umeunganisha jedwali la watu wa sensa ya 2022 na poligoni za wilaya au kata, na safuwima zote zimejaa NULL, yaani hakuna thamani. Au mbaya zaidi, nusu zimeungana na nusu hazikuungana.

Zote zikiwa NULL, tuhuma ya kwanza ni aina ya data. Msimbo wa mkoa wa Dar es Salaam ni 07. Kwenye leya umehifadhiwa kama maandishi, "07". Excel ikiuona inautafsiri kuwa namba na kuula ule sifuri wa mbele. Kinachobaki ni 7. Kwa macho yako ni kitu kimoja, kwa programu ni vitu viwili visivyojuana. Unapoingiza CSV toa tiki kwenye kisanduku cha kugundua aina za safuwima ili kila kitu kiingie kama maandishi. Na kama sifuri ilishaliwa, irudishe kwa lpad(to_string("msimbo"), 2, '0').

Nusu zikiwa zimeungana, tatizo ni majina. Mjimwema na Mji Mwema. Kinondoni na KINONDONI. Kuna wengine wana nafasi tupu mwishoni, "Tungi " yenye pengo lisiloonekana, na hiyo inaweza kukulia jioni nzima. Tengeneza safuwima mpya pande zote mbili kwa upper(trim("jina")) na uunganishe kwa hizo. Ya Mjimwema utairekebisha kwa mkono.

Halafu kuna NULL ambazo si kosa lako wala la programu. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam ikiwa na wilaya tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Ya 2022 ina tano, kwa sababu Ubungo na Kigamboni zilikuwa zimeshazaliwa. Ukichukua mipaka ya zamani na jedwali jipya, Ubungo na Kigamboni hazina pa kukaa, na Temeke itaonekana imepungukiwa watu ghafla. Hapo hakuna kitufe cha kubofya. Tafuta mipaka inayolingana na mwaka wa jedwali, na kama huipati, jumlisha wilaya mpya ndani ya mama zao na uandike hivyo kwenye ripoti.

Wakati tuko kwenye majedwali: ukihifadhi kama shepufaili (shapefile), majina ya safuwima hukatwa kwenye herufi 10. idadi_ya_wanaume inakuwa idadi_ya_w, na idadi_ya_wanawake inayofuata inapewa idadi_ya_1. Wiki mbili baadaye hujui wanaume ni wapi. Hifadhi kwa GeoPackage, faili moja lenye mwisho wa gpkg, majina marefu yanabaki. Shepufaili lina tabia nyingine pia: si faili moja, ni kundi. Anayekutumia lile la shp peke yake kwa WhatsApp hajakutumia kitu. Shx na dbf lazima ziwepo, na bila prj hutajua mfumo.

"Mteremko wote ni nyuzi 89"

Umepakua miinuko ya SRTM, ile iliyopimwa kwa chombo cha anga Endeavour mwezi wa Februari 2000, ukaomba mteremko, na Dar es Salaam yote imekuwa ukuta. Kipande chenyewe, S07E039 kwa Mlimani, kiko kwenye digrii kwa upana lakini mita kwa urefu wa kwenda juu. Programu inaona umepanda mita 5 ndani ya umbali wa 0.00028, inahitimisha kwamba ni genge. Peleka rasta UTM kwa "Warp" ndipo uombe mteremko. Kivuli cha milima kikitoka cheusi na cheupe tupu, dawa ni hiyo hiyo.

Picha ya rasta ikiwa nyeusi au kijivu kizima, kwa kawaida data ni nzima. Ni mipaka ya rangi iliyonyooshwa na thamani moja ya ajabu, kama -9999 au -32768, inayomaanisha "hapa hakuna data". Itangaze thamani hiyo kwenye ukurasa wa uwazi wa rasta, rangi zitarudi.

Na picha za satelaiti za Landsat: ukipakua ya Dar utakuta mfumo wake ni UTM 37 Kaskazini na koodineti ya Y ni hasi, karibu -750000. Haijaharibika. Landsat hutolewa kwa kanda za kaskazini hata kusini mwa ikweta. Ongeza milioni kumi unapata 9250000 ile ile. Nimemwona mtu akiibandika jina la 32737 kwa nia njema na kuipoteza picha nzuri kabisa.

"Jana ilikuwepo, leo haipo"

Faili la mradi halibebi data. Linabeba anwani za data. Ukiwa umefungua leya kutoka kwenye flashi ikiwa E, na leo kompyuta nyingine imeiita F, QGIS inakwambia leya hazipatikani. Bofya ile alama pembeni ya jina, ielekeze faili lilipo. Kuanzia sasa weka mradi na data ndani ya folda moja, na uhamishe folda nzima.

Lakini kuna leya ambayo hutaipata tena. Matokeo ya zana nyingi huzaliwa kama leya za muda, zenye alama ndogo ya kichipu cha kumbukumbu upande wa kulia wa jina. Zinaishi kwenye RAM. Ukifunga programu inakuonya, wewe unabofya ndiyo kwa mazoea, zinakwenda. Umeme ukikatika hazikuonyi. Kila ukipata matokeo unayoyataka, bofya kichipu hicho uyafanye ya kudumu. Na unapochora, penseli ikiwa bado wazi, hakikisha umehifadhi mabadiliko ya leya yenyewe. Kuhifadhi mradi kwa Ctrl+S hakuhifadhi ulichochora.

Mengine ya haraka

Zana ikisimama katikati ikalalamika kuhusu jiometri batili, kuna poligoni iliyojikata yenyewe, kama tarakimu 8. Pitisha leya kwenye "Fix Geometries", endelea na matokeo yake. Kompyuta ya RAM 4 ikiganda, ondoa ramani ya mtandaoni iliyo chini, ambayo pia ndiyo inayokula bando, na ukate data ibaki eneo lako tu. Huhitaji barabara za Tanzania nzima kupima Tandale. Data ya mitaa ya Dar, kwa bahati nzuri, ni tajiri: mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa na mifereji kwa ajili ya mafuriko, na yote imo OpenStreetMap. Inakuja kwa digrii, umeshajua cha kufanya.

Kwenye ukurasa wa kuchapa, kipimo cha mizani kikionyesha digrii ni kwa sababu ramani ile imevaa miwani ya 4326. Na ufunguo wa ramani ubadilishe majina, tafadhali. Nimesahihisha ramani ya mafuriko iliyopendeza kwelikweli ambayo ufunguo wake ulisomeka "Reprojected", "Reprojected", "Buffered" na "kata_final_mpya2".

Ukishindwa kabisa na ukaja kuomba msaada, njoo na vitu vitatu: maneno kamili ya ujumbe wa kosa, Extent ya leya, na picha ya dirisha zima. Zima, siyo ile ya kupiga kwa simu ukiwa umekuza katikati ya ramani. Kila nikiletewa picha kwenye kundi la darasa, kinachokosekana ni kona ya chini kulia.